Makohozi yapimwe hata mtoto akiwa mzima: yaliyowapata wanangu wawili wenye sistiki fibrosisi

#1 MamaWaWawili

Habari zenu wanajamvi.

Nina watoto wawili na wote wana sistiki fibrosisi. Mkubwa ana miaka 16, mdogo 9. Bakteria wa aina moja aliwahi kuwaingia wote wawili kifuani. Kwa mdogo aliondolewa. Kwa mkubwa yupo mpaka leo, na madaktari wamenieleza wazi kwamba wanamdhibiti tu, kumtoa imeshindikana. Siwezi kusema mdogo ana mwili wenye nguvu kuliko kaka yake. Wa mdogo tulimjua mapema, wa mkubwa tulichelewa.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: ni wa kurithi. Mtoto anaupata akipokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wao wenyewe ni wazima kabisa. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Jeni yenyewe inaitwa CFTR, iko kwenye kromosomu ya 7 na ilitambuliwa mwaka 1989. Inatengeneza kijilango kwenye ukuta wa seli kinachopitisha kloridi na bikaboneti. Kijilango kikikosekana, jasho linajaa chumvi (nilikuwa nikimbusu mwanangu pajini naonja chumvi, miezi mingi kabla sijajua maana yake), na ute wa ndani ya mapafu unakauka maji, unakuwa mzito, unanata.

Kwa mtu mwingine ute huo ni mwepesi. Vumbi na vijidudu tunavyovuta vinanasa humo, vijinyweleo vya njia ya hewa vinausukuma juu hadi kooni, tunaumeza bila hata kujua. Kwa wanangu vijinyweleo vinalemewa. Ute unatuama na kilichonasa kinabaki palepale.

Wadogo wengi huanza na Staphylococcus aureus na Haemophilus influenzae, na hao mkubwa wangu alikuwa nao tangu hajatimiza mwaka. Ninayemzungumzia mimi ni Pseudomonas aeruginosa, humu nitamwita sudomonasi. Anaishi penye majimaji: udongoni, kwenye matundu ya sinki, kwenye maji yaliyolala. Mwenye mapafu salama anamvuta na hapatwi na lolote.

Jambo ambalo mimi nilielezwa nikiwa nimeshachelewa ni hili. Anapoingia mara ya kwanza anaishi mmojammoja, huru, na dawa zinampata. Akiachwa akae, anabadilika. Anaanza kujizungushia utelezi uitwao aljineti, wanashikamana makundi kwa makundi ndani ya utando wao, antibiotiki inafika kwa shida, na walio katikati kabisa ambako oksijeni ni haba wanakua taratibu mno kiasi kwamba dawa nyingi haziwapati, kwa sababu nyingi zinaua bakteria aliye katika kukua. Akioteshwa maabara anaonekana kama kamasi juu ya sahani. Wanamwita mukoidi. Neno hilo nililisoma mara ya kwanza kwenye majibu ya mkubwa, akiwa na miaka 6.

Hakuwa anaumwa. Kliniki tuliyokuwa tunahudhuria wakati ule ilikuwa inachukua makohozi pale tu mtoto anapozidiwa. Wangu alikuwa anacheza, anakula, uzito unapanda, kikohozi ni kilekile cha siku zote. Ukapita mwaka na zaidi hajapimwa, na mimi kila tukirudi nyumbani bila dawa mpya nilikuwa nashukuru. Tulipohamia kliniki nyingine yenye wataalamu wa ugonjwa huu, siku ya kwanza tu wakataka makohozi. Majibu yakaja: sudomonasi, mukoidi. Walijaribu kumwondoa kwa dawa za kuvuta, kwa vidonge, kwa dripu za mshipani. Akipungua, miezi miwili baadaye yuko vilevile.

Mdogo alizaliwa tukiwa tayari kwenye kliniki hii mpya. Anapimwa kila baada ya miezi mitatu, awe mgonjwa au mzima. Alipokuwa na miaka 5 majibu yalirudi na sudomonasi, asiye mukoidi. Siku hiyo alikuwa anakimbia koridoni na muuguzi anamfukuzia. Ndani ya wiki akaanzishiwa antibiotiki ya tobramaisini ya kuvuta kwa nebulaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke), mara mbili kwa siku, siku 28. Sampuli ya baada ya hapo ilikuwa safi, na zote zilizofuata. Ni miaka minne sasa.

Najua kuna atakayeuliza kama kaka ndiye aliyemwambukiza. Niliuliza mimi mwenyewe, nikilia. Maabara walilinganisha vinasaba vya bakteria wa huyu na wa yule wakakuta kila mmoja ni wa ukoo wake. Mdogo wake alimpata kwingine, pengine kwenye maji tu. Hata hivyo nyumbani kila mmoja ana nebulaiza yake na hawafanyi mazoezi ya kifua chumba kimoja.

Ukiambiwa "mtoto yuko vizuri, hakuna haja ya kupima", naomba urudi usome hapa.

#2 BabaMpya

Mama, asante na pole sana. Binti yangu ana miezi 7, tumepewa majibu ya kipimo cha jasho mwezi uliopita na bado sijalala vizuri. Swali langu: mtoto mdogo hivi hajui kutema. Hayo makohozi wanayapata wapi?

#3 Sahani_ya_Maabara

Mkuu karibu, na pole kwa mshtuko. Mimi ni mtu wa maabara, nimeotesha makohozi ya wagonjwa hawa kwa miaka mingi.

Kwa mtoto asiyetema, kijiti cha pamba kinawekwa nyuma ya koo wakati anakohoa au mara baada ya kukohoa. Njia nyingine ni kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili ute ulegee, kisha unafyonzwa kwa mrija. Ikibidi kabisa, daktari anaingiza kamera kwenye njia za hewa, anamwaga maji kidogo ya chumvi na kuyavuta tena. Jua tu kwamba kijiti cha kooni kina mipaka: kikisema hakuna kitu, kilichojificha chini mapafuni kinaweza kuwapo bado. Ndiyo maana kupima mara moja kwa mwaka hakutoshi.

Ombi langu kwa wazazi wote, na hili linaniuma: hakikisheni fomu imeandikwa kwamba mgonjwa ana sistiki fibrosisi. Fomu ikija imeandikwa "kikohozi" tu, tunaitendea kama makohozi ya mtu yeyote. Sudomonasi akiwa mwingi anafunika sahani nzima na wanaokua taratibu chini yake hawaonekani. Tukijua ugonjwa, tunatumia vyakula maalumu vya kuoteshea vinavyomzuia huyu ili yule atokeze, na tunaziacha sahani siku nyingi zaidi kabla ya kuandika "hakuna kilichoota".

Na kuna mmoja ambaye sitaki kumkosa kamwe, kundi la Burkholderia cepacia. Walter Burkholder alimweleza mwaka 1950 kama chanzo cha kuoza kwa vitunguu, na jina cepacia limetokana na kitunguu. Kwa asili yake hasikii kolistini, antibiotiki nyingine tunayotumia kwa sudomonasi, na tobramaisini kwa kawaida haimwezi. Wagonjwa wengine wanaishi naye miaka. Wengine ghafla wanapata homa kali, nimonia inayokwenda mbio, bakteria wanaingia hadi kwenye damu, na mtu anaweza kufariki ndani ya wiki chache. Akipatikana, tunapeleka maabara ya rejea kuthibitisha ni spishi ipi, kwa sababu ndani ya kundi hilo hawalingani ukali.

#4 Mdau_Mtulivu

Samahani mleta uzi, naomba kutofautiana kidogo, na nauliza kwa nia njema. Kila siku tunaambiwa tusitumie antibiotiki ovyo. Leo mtoto anakimbia koridoni, hana homa, anawekewa antibiotiki siku 28? Usugu wa dawa tunaoulalamikia si ndiyo tunautengeneza hivi?

#5 MamaWaWawili

Swali lako ni la haki, na nilimuuliza daktari maneno hayohayo.

Alinijibu kwa kunionyesha faili la mkubwa. Tangu sudomonasi akite, mtoto yule anavuta antibiotiki mwezi mmoja, anapumzika mwezi mmoja, anaanza tena, bila mwisho. Juu yake kuna antibiotiki nyingine, azithromaisini, mara tatu kwa wiki. Kifua kikichafuka analazwa kwa dripu za dawa mbili tofauti, wiki mbili, na ameshalazwa hivyo zaidi ya mara kumi. Mdogo alitumia siku 28 akaacha. Sasa hesabu mwenyewe ni mtoto yupi aliyetumia antibiotiki nyingi, na wote wako chini ya paa langu.

#6 Sahani_ya_Maabara

Niongezee kwa Mdau. Kanuni ya kutotumia antibiotiki ovyo inahusu kumpa mtu dawa bila kujua kama kuna bakteria wa kuuawa. Hapa anajulikana kwa jina, amepimwa, na dawa inavutwa hadi palepale alipo, kiasi kidogo tu kinaingia kwenye damu. Madaktari wa Copenhagen ndio waliotangulia kushikilia jambo hili: kolistini ya kuvuta pamoja na vidonge vya siprofloksasini mara sudomonasi anapoonekana, na mwaka 1991 walichapisha matokeo kwamba waliotibiwa mapema ni wachache sana walioishia kuwa na maambukizi ya kudumu.

Tena utafiti umesaidia kupunguza dawa. Siku 28 za tobramaisini zililinganishwa na siku 56, matokeo yakawa karibu sawa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza. Uingereza walilinganisha dripu na vidonge vya siprofloksasini, makundi yote mawili yakivuta kolistini, wakachapisha mwaka 2020: dripu haikufanya vizuri kuliko vidonge. Maana yake mtoto hulala kitandani kwake badala ya wodini.

Ila Mdau ana hoja moja nzito ambayo tusiipite. Dawa za jamii ya tobramaisini zikiingia mshipani mara kwa mara zinaweza kuharibu masikio na figo. Mtoto anayelazwa kwa dripu hizo apimwe kiwango cha dawa kwenye damu na figo zake, na usikivu wake ufuatiliwe. Kama kwenye ukoo wa mama kuna watu walioziwika baada ya sindano za aina hiyo, mwambie daktari kabla hajaandika dawa, maana kuna hitilafu ya kurithi kwa mama inayofanya masikio yaharibike hata kwa dozi ya kawaida.

#7 Mdau_Mtulivu

Nimekuelewa, na nashukuru kwa kunijibu bila kunishambulia.

#8 Pumzi29

Nina miaka 29, nina ugonjwa huu, na sijawahi kumshika mkono mtu mwingine aliye nao. Nataka wazazi mlijue hilo kabla watoto wenu hawajakua na kuwauliza.

Zamani wagonjwa walikuwa wanakutana kwenye kambi za mapumziko, wanafarijiana, wanalala mabweni mamoja. Miaka ya 1980 na 1990 ikagundulika kwamba Burkholderia anaruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kambi zikafungwa. Mwaka 1996 madaktari wa Liverpool wakaripoti kwamba watoto wengi wa kliniki moja walikuwa na sudomonasi wa ukoo mmoja, msugu kwa dawa. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha hata Mycobacterium abscessus, bakteria wa jamii moja na wa TB, ambaye ilidhaniwa kila mtu anamwokota peke yake kwenye mazingira, ana koo zilizosambaa kwa wagonjwa wa mabara tofauti. Ndiyo maana kliniki hutuingiza mmojammoja, tunavaa barakoa, na tunakaa mbali mita mbili. Rafiki yangu wa karibu kuliko wote ana ugonjwa huu na tumekaa kwenye simu miaka kumi. Alipolazwa mara ya mwisho nilisimama nje ya jengo, yeye dirishani.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mama, maana inanihusu kuliko anavyodhani. Mwaka 2012 ilitoka dawa ya kwanza inayorekebisha kijilango chenyewe, ivakafta, ikawafaa wachache wenye hitilafu fulani tu. Mwaka 2019 ikatoka ile ya mchanganyiko wa dawa tatu, na mimi ni mmoja wa walioipata. Ndani ya siku chache nilitoa ute ambao sikujua kama unaweza kutoka kwa mtu mmoja, kisha kikohozi kikakoma. Kikohozi nilichozaliwa nacho! Nililala usiku mzima nikaamka nikidhani masikio yangu yameziba.

Kosa langu likaanza hapo. Nikajiona nimepona. Nikaacha nebulaiza, na kliniki nikisema sina makohozi ya kutoa, basi, yanaachwa. Kumbe dawa ile inapunguza bakteria sana, lakini aliyekwisha kujenga utando wake mara nyingi anabaki. Baadaye nikaanza kuchoka, uzito ukashuka kilo tatu, na kwenye kipimo cha mapafu, hewa ninayoweza kupuliza kwa nguvu ndani ya sekunde ya kwanza ikapungua. Homa sikuwa nayo. Wakanivutisha maji ya chumvi ya asilimia 7 hadi nikatoa ute kidogo sana, wakaotesha: sudomonasi wangu yuleyule. Nilipata matibabu, nikarudi vizuri, ingawa si mpaka pale nilipokuwa. Hilo nalo mlijue: karibu robo ya wanaotibiwa kwa dripu kifua kikichafuka hawarudishi uwezo wote wa mapafu waliokuwa nao kabla.

Kwa hiyo sisi tusiokohoa tena ndio tunaopaswa kudai kupimwa zaidi.

#9 MamaWaWawili

Pumzi, nimesoma hadi hapo pa dirishani nikasimama. Mkubwa wangu nimempa simu asome mwenyewe. Amekaa nayo muda mrefu.

#10 Kifua_Kwanza

Mtaalamu wa mazoezi ya kifua hapa. Nitasema machache.

Usafi wa nebulaiza naona unapuuzwa hata na watu makini. Kifaa kinachobaki na majimaji ndani ni makao ya sudomonasi, unamkaribisha mwenyewe. Kila baada ya kutumia kifunguliwe, kioshwe kwa sabuni. Kila siku vipande vinavyostahimili moto vichemshwe kwenye maji yanayotokota dakika 5 (soma maelekezo ya kifaa chako kwanza), kisha vikauke vyenyewe kwa hewa. Usivisuuze kwa maji ya bomba baada ya kuchemsha, utakuwa umefuta kazi yote. Siki haitoshi, kuna bakteria wa ugonjwa huu inaowaacha hai.

Pili, mpangilio. Dawa ya kupanua njia za hewa inatangulia, yanafuata maji ya chumvi, mazoezi ya kutoa ute, na antibiotiki ya kuvuta iwe ya mwisho. Nimekutana na mzazi aliyekuwa anaanza na antibiotiki kila asubuhi kwa sababu ndiyo aliyoiona ya maana, halafu mtoto anaikohoa yote pamoja na ute. Hakuwa amekosea yeye, hakuna aliyemweleza.

Tena ute wenyewe si kamasi tupu. Chembe nyeupe za damu zinakimbilia huko kupambana, zinafia humo, na nyuzi za vinasaba vyake zinaufanya uwe mzito zaidi. Kuna dawa ya kuvuta, donasi alfa, inayotumika tangu 1993, inayokatakata nyuzi hizo.

#11 Shangazi_wa_Kifua

Jamani naomba niingie kwa pembeni. Mtoto wa kaka yangu ametibiwa TB mara mbili, na kila mara makohozi hayakuonyesha TB. Anakohoa tangu utoto, hanenepi, choo chake kina mafuta na harufu kali. Tuliuliza kuhusu ugonjwa huu tukaambiwa ni wa wazungu. Ni kweli?

#12 Sahani_ya_Maabara

Shangazi, si kweli, na kauli hiyo imechelewesha watoto wengi. Hitilafu zinazojulikana kwenye jeni hiyo ni zaidi ya 2,000. Iitwayo F508del ndiyo nyingi zaidi kwa wenye asili ya Ulaya, na kwa watu weusi iliyo maarufu ni nyingine, 3120+1G>A. Kipimo cha vinasaba kinachotafuta zile za Ulaya peke yake kinaweza kumpita mtoto wenu.

Choo cha mafuta na kutonenepa ulivyovitaja navyo ni dalili zake. Ombeni kipimo cha jasho. Kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, jibu ni karibu kamili. Ikiwa chini ya 30, uwezekano ni mdogo. Katikati ya hapo inabidi kuendelea kuchunguza.

Na hata makohozi yangeonyesha "TB" kwenye hadubini, bado ningeuliza. Mycobacterium abscessus na ndugu zake wanashika rangi ileile, kwa macho huwezi kuwatofautisha na wa TB. Lazima waoteshwe au wapimwe vinasaba, kwa sababu dawa za TB hazimwezi abscessus. Huyo matibabu yake yanaweza kuchukua zaidi ya mwaka.

#13 Shangazi_wa_Kifua

Choo na uzito nimevitaja kwa bahati tu, kumbe vinahusika. Kesho nampigia kaka.

#14 MamaWaWawili

Mkubwa ameniomba niulize kwa niaba yake. Amesikia kuhusu virusi vinavyokula bakteria. Ni habari za kweli au za mitandaoni?

#15 Sahani_ya_Maabara

Mwambie ni kweli, na nafurahi ameuliza. Vinaitwa bakteriofaji. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya binti wa miaka 15, London, mwenye ugonjwa huu, aliyepandikizwa mapafu kisha abscessus akamsambaa mwilini na dawa zikashindwa. Maabara ya Graham Hatfull, Pittsburgh, ilimwandalia mchanganyiko wa faji watatu. Mmoja wao alikuwa amepatikana kwenye bilinganya lililooza huko Afrika Kusini. Vidonda vyake vikaanza kufunga na hali yake ikaimarika sana.

Kwa sudomonasi, majaribio ya faji yanafanyika pia. Bado si dawa ya kuandikiwa kliniki, kwa sababu faji wa bakteria wa mtu mmoja huenda asimguse wa mwingine. Lakini sampuli za watu kama yeye ndizo zinazotumika kuwatafuta. Asiache kutoa makohozi.

#16 BabaMpya

Nimerudi. Jana tulikuwa kliniki. Binti hana mafua, hana kikohozi, ameongezeka gramu 300. Daktari alisema leo hakuna la kufanya, tuonane baada ya miezi mitatu. Nikamwomba achukue kijiti cha kooni. Akaniangalia kidogo, akaniuliza nimesoma wapi, halafu akachukua. Fomu nimeisoma kabla haijaondoka, jina la ugonjwa lilikuwa halijaandikwa. Limeandikwa.

Majibu wiki ijayo. Nitaleta hapa.